Siku tisa na kaunta buku la miito, kutoka Paris mpaka Lu

SIKU YA 1, Jumatatu. Paris

Tumetua asubuhi, watu 14, akina mama tisa, wababa wanne na sista mmoja anayekilea kikundi chetu. Miguu imevimba ila hakuna aliyetaka kulala. Jana ilikuwa Jumapili ya Mchungaji Mwema, yaani Jumapili ya nne ya Pasaka, siku ya kuombea miito dunia nzima aliyoianzisha Papa Paulo VI mwaka 1964, tukasali misa ya kwanza halafu moja kwa moja uwanja wa ndege.

Niseme kwanza sisi ni nani maana wengine mtauliza. Ni kikundi cha walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, cha kuombea na kusaidia miito, yaani wanaoitwa kwenye upadre na utawa, hatuna ukubwa wowote. Kila mmoja ana tarehe yake ya mwezi, mimi yangu ni 17, tarehe yako ikifika unaenda misa na unasali rozari kwa ajili ya mafrateri, yaani vijana wanaosomea upadre, na masista walelewa, hivyo mwezi mzima hakuna siku inayopita bila mtu. Mtindo huu tuliuchukua kwa wenzetu wa Serra, kile chama cha walei kilichoanzishwa na wanaume wanne kule Seattle, Marekani, mwaka 1935. Pia tunachangia ada, nauli, vitabu, vitu vya kawaida tu.

Na tuna kaunta buku, lile daftari kubwa nene la quire mbili, jalada limechakaa kwenye pembe, lina majina ya wote tunaowaombea. Mimi ndo katibu kwa hiyo ninalo kwenye mkoba safari nzima. Kwenye ukurasa wa saba kuna jina limekatwa kwa peni nyekundu na rula. Nilimkata mimi. Ni kijana aliyetoka seminari kuu akiwa mwaka wa pili wa teolojia, alirudi mwenyewe kwa amani baada ya kuongea na walezi wake, ila parokiani tulimpokea vibaya sana, watu waliomchangia wakaanza kuulizana hela zao zimeenda wapi, mama yake akaacha kuja kwaya. Na sisi kikundi cha miito, badala ya kwenda kumwona, tulikaa kikao na ajenda ikawa "kurekebisha orodha". Nimekuja na jambo hilo moyoni, siwezi kuandika hii safari nikalificha.

Mchana tumeenda rue du Bac namba 128, nyumba ya Misioni za Nje za Paris, shirika la mapadre wanaotumwa nchi za mbali, wenyewe wanaita MEP, ipo tangu karne ya 17. Sista alituleta hapa makusudi. Alisema tutakaowafuata wiki hii wengi wana uzi unaoanzia kwenye nyumba hii, walikuwa wanawake walei waliokaa mbali na hapa na hawakuwahi kwenda misioni, ila barua zilikuwa zinatoka kwa mapadre wa hapa na kuwafikia wao. Tukasali bustanini kidogo, jioni treni toka Saint-Lazare mpaka Caen, saa mbili hivi. Nimelala njia nzima.

SIKU YA 2, Jumanne. Caen

Mji huu ulipigwa mabomu sana mwaka 1944 kwa hiyo sehemu kubwa ni majengo mapya mapya, ila kanisa la Saint-Étienne limesimama, na ndo tulikoenda kusali.

Caen ni kwa ajili ya Jeanne Bigard na mama yake Stéphanie. Ukisikia Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, lile linalosaidia seminari za nchi za misioni, lilianzia hapa mwaka 1889, na halikuanzishwa na askofu wala padre, walikuwa mama na binti yake. Walikuwa wanashona mavazi ya misa na vitambaa vya altare wakiwatumia wamisionari. Ndipo ikaja barua toka Japani, imeandikwa na Askofu Cousin wa Nagasaki, mmoja wa wale wa MEP, akisema ana vijana wanaotaka upadre lakini hela ya kuwasomesha hana na itabidi awarudishe nyumbani.

Tafakari ulivyo huo uamuzi. Watu wengine wangetuma hela mara moja wakaona wamemaliza. Hawa wawili wakajiuliza, kama Nagasaki iko hivyo basi kwingine hali ikoje, wakaanza kwenda nyumba kwa nyumba na kuandika barua, moja baada ya nyingine, kutafuta watu wa kumsomesha mseminari mmoja mmoja mpaka apate daraja la upadre. Na walikuwa na wazo ambalo wakati ule si wote waliolikubali, kwamba Kanisa la nchi yoyote halijasimama kama halina mapadre waliozaliwa hapohapo.

Baba mmoja kwenye msafara, katekista wa miaka mingi, alisikiliza yote haya amesimama ameegemea nguzo ya kanisa, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo padre aliyenibatiza mimi alisomeshwa na cherehani." Sikuweza kujibu kitu, maana inawezekana kabisa ni hivyo.

Mwisho wa Jeanne hausimuliwi sana. Walihamia Fribourg, Uswisi, kwa sababu ya sheria za Ufaransa za wakati ule dhidi ya mashirika ya dini, mama yake akafariki Januari 1903, na Jeanne akavunjika. Akaugua ugonjwa wa akili, kazi ikakabidhiwa mwaka 1904 kwa masista Wafransisko Wamisionari wa Maria, naye akaishi miaka 30 zaidi ndani ya huo ugonjwa mpaka alipofariki 28 Aprili 1934. Mwaka 1922 Papa Pius XI alilifanya shirika lake kuwa la Kipapa, yeye yuko mgonjwa. Nimemwombea usiku huu na nimemwomba aniombee.

SIKU YA 3, Jumatano. Lisieux

Toka Caen ni karibu nusu saa tu kwa treni. Kila mtu alikuwa na hamu ya Teresia wa Mtoto Yesu, yule mtakatifu wa mji huu, ila sista akasema leo mtazameni baba yake.

Tumeanza Les Buissonnets, nyumba ya matofali mekundu waliyohamia baada ya mama kufariki. Bustani nyuma kuna sanamu ya binti na baba wameketi. Ni Jumapili ya Pentekoste, 29 Mei 1887, Teresia ana miaka 14, anamwomba baba ruhusa ya kuingia Karmeli, monasteri ya masista ya hapa. Mabinti wawili walishaingia, baba mwenyewe afya imeshaanza kutetereka, na huyu ndo kitinda mimba. Baba alilia, akakubali, halafu akaenda kwenye ukuta akachuma ua dogo jeupe akampa. Teresia aliona kitu kimoja ambacho baadaye alikiandika, kwamba ua lile lilitoka na mizizi yake yote, halikukatika.

Nimesimama pale muda mrefu kuliko wenzangu mpaka wakaniita. Nilikuwa naangalia mkono wa baba kwenye sanamu. Sisi kwenye kikundi tunasema sana "kumtoa mtoto kwa Mungu", tunaimba, tunapiga vigelegele siku ya kumsindikiza, na mimi nimeshika maiki mara nyingi siku hizo. Huyu baba hakuimba, yeye alilia tu. Na binti ndo alianza kusema, baba hakumtuma.

Louis Martin mwenyewe, sikuwa najua hili, alipokuwa kijana alienda kubisha hodi kwenye monasteri ya Mtakatifu Bernardo huko milimani Alpi, wakamrudisha kwa sababu hajui Kilatini. Akajaribu kusoma Kilatini, akaacha, akawa fundi saa. Na mke wake Zélie alitaka utawa naye akakataliwa na mama mkuu. Wawili waliokataliwa wakakutana, wakafunga ndoa, wakazaa tisa, wanne wakafariki wadogo, mabinti watano waliobaki wote wakawa watawa. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Masalia yao yako kwenye kripta, yaani kanisa la chini, ya basilika, tumepiga magoti pale wote 14 tumebanana.

Na bado kuna la ndani zaidi. Waliomba sana wapate mtoto wa kiume awe padre mmisionari. Wakapata Joseph, akafariki mchanga. Wakapata Joseph mwingine, naye akafariki mchanga. Halafu miaka mingi baadaye, wazazi wote wamekufa, Teresia yuko Karmeli anapewa ndugu wawili wa kiroho wa kuwaombea na kuwaandikia, Maurice Bellière aliyekuwa bado mseminari na Adolphe Roulland padre wa MEP aliyekwenda China. Teresia akaandika kwamba alikuwa ametamani tangu zamani kuwa na kaka padre na sasa Mungu amempa wawili. Mama mmoja wetu aliyezika watoto wawili, wakati sista anasimulia hayo alishika mkono wangu akaubana na hakuuachia mpaka tulipotoka nje.

SIKU YA 4, Alhamisi. Alençon

Tumekodi basi dogo. Nyumba ya akina Martin ipo mtaa wa Saint-Blaise, ndipo Teresia alipozaliwa tarehe 2 Januari 1873, na kanisa la Notre-Dame alikobatizwa halipo mbali. Kwenye kanisa hilo wazazi wake walifunga ndoa usiku wa manane kama ilivyokuwa desturi ya hapo, 13 Julai 1858.

Zélie alikuwa na biashara yake, lesi ya Alençon. Tumeonyeshwa kipande cha lesi hiyo chini ya kioo, wanasema sentimita moja ya mraba inakula kama saa saba za mkono. Saa saba! Eneo la ukucha wangu. Sindano na uzi, na kila mshonaji alikuwa na hatua yake halafu anampa mwenzake, Zélie kazi yake ilikuwa kuunganisha vipande visionekane vilipounganishwa. Alikuwa akiajiri wanawake wa mjini, anawalipa kwa wakati, akiumwa mmoja anaenda kumwona Jumapili. Alikuwa na wateja, madeni, watoto wanaolia, na kansa ya titi iliyomuua mwaka 1877. Nasema haya kwa sababu kuna watu wanafikiri familia inayotoa watawa ni familia isiyo na kazi, imekaa inasali kutwa.

Na hapa hapa Alençon ndipo Jeanne Bigard alipofia. Sikutegemea nyuzi zikutane hivi. Tumesali fungu moja la rozari kwa ajili yake barabarani, mvua inanyesha kidogo, watu wanapita na mifuko yao ya sokoni wanatuangalia.

Usiku nimefungua kaunta buku ukurasa wa saba. Sikuandika kitu. Nimefunga.

SIKU YA 5, Ijumaa. Njiani

Treni kutwa, tumevuka nchi kutoka magharibi hadi Lyon. Mzee katekista kapoteza miwani ikapatikana chini ya kiti. Tumesali njia ya msalaba kimya kimya kila mtu na kitabu chake. Hakuna zaidi.

SIKU YA 6, Jumamosi. Lyon

Lyon nimeipenda. Tumepanda kilima cha Fourvière mpaka nyumba ya Loreto, alipoishi Pauline Jaricot, mlei, hakuolewa, hakuingia utawa. Alizaliwa 1799, baba yake tajiri wa hariri. Kaka yake Phileas alikuwa seminarini Paris, ndo aliyekuwa akimwandikia kuhusu shida za wamisionari wa rue du Bac. Umeona tena nyumba ileile.

Sasa hapa niwaeleze mfumo wake vizuri maana mweka hazina wetu alikaa kwenye benchi akauchora kwenye karatasi na mimi nimeinakili. Kila mtu anatoa sou moja kwa wiki, yaani sarafu ndogo ambayo hata mfanyakazi wa kiwandani anaweza. Unatafuta watu kumi. Hao kumi wanampa kiongozi wao. Viongozi kumi wanampa kiongozi wa mia. Wa mia kumi wanampa wa elfu. Basi. Alianza na wafanyakazi wa hariri, na tarehe 3 Mei 1822 ikawa rasmi Shirika la Uenezaji wa Imani. Mwaka 1826 akaanzisha Rozari Hai kwa akili ileile, watu 15 kila mmoja anasali fungu moja tu kwa siku, na mkiunganisha ni rozari nzima ya wakati ule.

Mweka hazina akasema kitu nikakishika. Amesema siku zote sisi tunatafuta mfadhili, mtu mmoja mkubwa, halafu yule mkubwa akitoa anataka kumjua "padre wake", na kijana anajikuta ana mwenye mali. Sou ya wiki haina mwenyewe, yaani frateri aliyesomeshwa na watu elfu kumi kila mmoja sarafu moja, akiona kwamba njia si yake hana deni la mtu. Tulinyamaza wote. Kila mmoja pale alijua anamzungumzia nani, maana kijana wetu wa ukurasa wa saba alikuwa na wafadhili watatu, na wote watatu walimpigia simu wiki aliyotoka. Kwa kweli hili tutalirekebisha tukirudi, tumeshakubaliana hapohapo kwenye benchi, michango yote inaingia kapu moja na hakuna kumtambulisha kijana kwa mfadhili.

Mchana tumeteremka Saint-Nizier kwenye kaburi lake. Pauline alifariki 9 Januari 1862 akiwa maskini kabisa, alijaribu kuanzisha kiwanda cha chuma ambako wafanyakazi wangeishi kama binadamu, watu aliowaamini wakamtapeli, akabaki na madeni ambayo alitumia maisha yake yote kuyalipa. Tajiri wa hariri akaishia kwenye orodha ya maskini wa mji. Ametangazwa mwenye heri hapahapa Lyon tarehe 22 Mei 2022, miaka 200 baada ya ile sou.

SIKU YA 7, Jumapili. Ars

Kijiji kidogo kaskazini mwa Lyon. Misa kwenye basilika, padre mzee, mahubiri sikuelewa hata neno ila zaburi nilifuatilia. Mwili wa Mtakatifu Yohane Maria Vianney uko pale kwenye kioo, uso umefunikwa nta.

Wote tunamjua kama msimamizi wa maparoko. Alifika hapa mwaka 1818 akakaa miaka 41, mwisho mwisho alikuwa anaungamisha mpaka saa 16 kwa siku. Ila mimi nimekuja na swali langu la safari hii, nani alikuwa nyuma yake? Na majibu yapo. Kwanza alirudishwa toka seminari ya Lyon. Ndiyo, msimamizi wa maparoko wote alirudishwa nyumbani kwa sababu ya Kilatini, aliyembeba ni paroko wake Abbé Balley wa Écully aliyekaa naye na kumfundisha upya mpaka akapewa daraja 1815. Kabla ya hapo alipokuwa anajificha asipelekwe vitani jeshi la Napoleon, aliyempa pa kujificha ni mjane mmoja wa kijiji cha Les Noës, Claudine Fayot, mama mwenye watoto wake. Na hapa Ars, nyumba ya mabinti yatima aliyoianzisha mwaka 1824 iliendeshwa na wasichana wawili wa kijijini, Benoîte Lardet na Catherine Lassagne.

Kwenye kanisa la zamani kuna altare ya Mtakatifu Filomena, na waliotuongoza wakatuambia ibada hiyo ilimfikia padre Vianney kupitia Pauline Jaricot. Alikuwa rafiki yake, na Pauline alipofilisika alikuja kwake wakati wa baridi na barafu, naye Vianney akampa msalaba mdogo wa mbao.

Nimekaa kwenye benchi nje, nimewaza siku yule kijana wetu alivyorudi na begi lake. Nani alimfungulia mlango? Mama yake tu. Sisi tulikuwa wengi sana siku ya kumsindikiza.

SIKU YA 8, Jumatatu. Turin

Basi limepita tunnel ya Fréjus, karibu kilomita 13 chini ya mlima, unaingia Ufaransa unatoka Italia. Mchana tuko Valdocco kwa Don Bosco, padre mtakatifu wa vijana aliyeanzisha shirika la Wasalesiani.

Basilika ya Maria Msaada wa Wakristo ni kubwa na nzuri, ila mimi nilitaka kuona chumba cha Mama Margherita, mama yake Don Bosco. Mjane huyu alikuwa na miaka 58, ana nyumba yake na wajukuu huko Becchi, mwanawe padre akamwomba aje mjini wakae na watoto wa mitaani. Wakaja kwa miguu, Novemba 1846. Hela ilipoisha akauza vitu vyake vya harusi, nguo ya harusi ikatengenezwa mavazi ya altare. Alipika, alifua, alishona viraka vya mamia ya watoto kwa miaka kumi. Kuna siku alichoka kabisa, watoto walikuwa wamemkanyagia bustani yake ya mboga na kutupa nguo alizofua, akamwambia mwanawe narudi nyumbani. Don Bosco hakusema kitu, akamwonyesha msalaba ukutani. Akabaki.

Mimi nina mwanangu sista, mwaka wa tatu tangu nadhiri za kwanza, na nakiri nikimpigia simu huwa naulizia zaidi lini atakuja likizo. Hapo Valdocco nimemwandikia meseji nikamuuliza tu anahitaji niwaombee nini yeye na wenzake. Amejibu haraka kuliko siku zote, orodha ndefu.

SIKU YA 9, Jumanne. Lu

Tulipanga tufike Lu siku ya Jumanne, na sababu mtaiona.

Kijiji kiko juu ya kilima, mashamba ya mizabibu pande zote, barabara inapinda pinda, kimya. Siku hizi kiutawala kimeunganishwa na jirani yake kinaitwa Lu e Cuccaro Monferrato. Ukipita bila kujua huwezi kusimama.

Mwaka 1881 akina mama wa hapa, wake za wakulima, walianza kukutana kila Jumanne mbele ya Sakramenti Kuu kuomba miito, paroko wao Monsinyori Alessandro Canora akiwa nao. Na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wanapokea komunyo kwa nia hiyohiyo. Walifanya hivyo tu, ila kila wiki, miaka na miaka. Kutoka kijiji hiki kilichokuwa na watu elfu chache tu wametoka 323, mapadre na watawa wa kiume 152 na masista 171. Kuna picha ya mwaka 1946 walipokutana nyumbani, sista wetu amekuja nayo kwenye faili, sura ni nyingi mpaka huwezi kuzitenganisha, shela za masista zinafika mpaka mwisho wa picha.

Lakini nilikuja hapa kwa sala yao. Tumeisoma kwa sauti kanisani, na nimeisikia kama sijawahi kuisikia, ingawa tunayo kwenye vitabu vyetu. Wanaomba mtoto wao mmoja awe padre, sawa, halafu papo hapo wanasema wao wenyewe wanataka kuishi kama Wakristo wema na kuwaongoza watoto wao kwenye lililo jema, ili wapate neema ya kumpa Mungu padre mtakatifu. Wamejiweka wenyewe ndani. Sisi sala yetu ya kikundi, na niliiandika mimi, toka mwanzo mpaka mwisho inamwomba Mungu awafanye vijana hivi na hivi. Wazazi hatumo kabisa.

Na mtu wa hapa anayejulikana zaidi ni Filippo Rinaldi, alizaliwa 1856, mwenye heri tangu 1990, mrithi wa tatu wa Don Bosco. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya Wasalesiani hapo Mirabello jirani, akatoka, akarudi nyumbani shambani. Don Bosco akamwandikia barua, akakataa, akaandikiwa tena. Alikaa miaka kumi hivi anapalilia mizabibu kwenye vilima hivi hivi, ndipo alipoenda Sampierdarena, kwenye nyumba ya Wasalesiani, mwaka 1877 akiwa na miaka 21. Sisemi kijana wetu atarudi seminari, naomba nisieleweke hivyo, huyu ana kazi yake sasa na nasikia ana mchumba, na Louis Martin hakurudi monasterini na tazama. Ninachosema ni kwamba akina mama wa Jumanne walianza kuomba Filippo akiwa tayari ameshaondoka, na kabla yao, miaka ile kumi ya mashambani, mama yake mwenyewe aliishi naye nyumba moja, na hakuna mahali niliposoma kwamba kuna mtu Lu alimkata jina.

Tulikaa saa moja mbele ya tabernakulo. Saa nzima, hakuna aliyekohoa. Wababa walikuwa nyuma, mmoja analia. Kisha nikatoa kaunta buku, nikaomba wenzangu wote waje karibu, nikawaambia mimi ndo nilikata na nataka niandike tena, na nataka tusimwandike kwenye ukurasa wa mafrateri, tufungue ukurasa mpya wa wote waliopita seminari au nyumba za malezi wakatoka, tuwaombee kila Jumanne pamoja na wazazi wao. Tukahesabu tunaowajua, wakafika 11. Hatujawahi kuwahesabu. Wawili ni wasichana waliotoka unovisi, yaani malezi ya kabla ya nadhiri, na mmoja ni mtoto wa dada wa mweka hazina, na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kututajia.

Tumekubaliana Jumanne ijayo saa kumi na moja jioni tunaanza kuabudu parokiani, paroko nimeshamwandikia anasema sawa ila funguo za sakristia nichukue mwenyewe kwa mzee wa kanisa.

Kwenye basi kushuka kilima nimemtumia kijana picha ya mashamba ya mizabibu ya Lu, nikamwandikia, nimekuombea leo hapa kwa jina lako, na nakuomba msamaha, nikirudi nitakuja kwenu kuongea na mama yako. Ilikaa kama dakika ishirini. Halafu akajibu.

"Shikamoo mama. Picha haijafunguka, nitumie tena."

Nikaituma tena.